Kigingi Namba Kumi na Nne

Mama Taarifa anasema aliona kwa macho yake mawili.

Anasema alikuwa ametoka kumwaga maji ya vyombo, alfajiri, umande haujakauka, akamwona Fundi Rangi amechuchumaa mbele ya geti la mwenye nyumba wake. Mkono mmoja brashi, mkono wa pili nyundo. Anasema Fundi Rangi aling'oa kigingi cha bomba upande huu wa njia, akakipigilia upande ule, akakipaka rangi nyekundu, akakipuliza kikauke, halafu akacheka.

"Akacheka vipi?" akaulizwa.

"Hivi," akasema, naye akacheka kicheko cha kutisha mpaka waliobeba ndoo wakaziweka chini.

Mimi nilikuwa pembeni nafua mashati. Ninawaambia nyie mnaonisoma, kwa sababu mtaani sijapata wa kumwambia: Mama Taarifa hakuona kitu. Alfajiri hiyo alikuwa amelala. Tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja, na mkoromo wake ndio saa yangu ya kuamkia.

Kigingi kile nilikihamisha mimi.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelikuta limeshafungiwa sabuni, nitasema kwa kifupi. Mimi na Shangazi tunafulia watu nguo. Miezi minane iliyopita walikuja wapima wa bomba la maji, wakapiga vigingi vyekundu vyenye namba kuanzia mwanzo wa mtaa mpaka mwisho. Namba kumi na nne ikaangukia uani kwetu, kwenye majani, pembeni.

Wakati huo nguzo yetu ya kuanikia ilikuwa inainama kwa uzito wa mablanketi. Nguzo ikiinama, unaifunga kamba ya pili kichwani, unaivuta nyuma, unaikaza kwenye kigingi. Sikuwa na kigingi. Na kigingi kilikuwepo, kizuri, cha mti mgumu, hatua nne tu kutoka pale nilipokihitaji.

Shangazi alikuwa ameenda kupeleka nguo za watu. Nikaking'oa. Nikakipigilia kwa jiwe ng'ambo ya njia. Aliporudi akasema, "Hee, nguzo imesimama wima kama askari! Kigingi umetoa wapi?" Nikasema nimeokota.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nilijua nitakirudisha wiki hiyo hiyo.

Lakini mtaa wetu una tabia ya kuota. Tulipohamia tulikuwa nyumba nne na mbuzi wasio na mwenyewe. Leo sihesabu tena. Unaanika shuka asubuhi mbele ya kiwanja kitupu, ukienda kulianua mchana unakuta msingi umechimbwa na fundi anakuomba uondoe shuka lako, ukuta unapanda. Watu wamekuja kwanza. Maji yanafuata. Barabara nayo iko njiani, inakuja kwa mguu. Umeme tunao, nguzo moja kwa mtaa mzima. Jirani akichomeka pasi, taa yetu inajikunyata. Ndiyo maana sisi tunapiga pasi ya mkaa.

Nyumba zikiongezeka, nguo zinaongezeka. Nguo zikiongezeka, kamba inazidi kuwa nzito. Kigingi kikabaki pale pale nilipokiweka, na mtaani hakuna anayetazama kamba ya kufulia inaishia wapi.

Kosa la pili lilikuja na sakafu.

Shangazi amefua miaka mingi akiwa amesimama kwenye tope. Nyayo zake zimepasuka mpaka unaweza kuficha sindano. Ndoto yake ilikuwa sakafu ya zege ya kufulia. Basi kila nyumba mpya tuliyoifulia, Shangazi aliomba masalio ya ujenzi: nusu mfuko wa saruji hapa, ndoo ya kokoto pale, vipande vya vigae vilivyovunjika kule. Mwaka na nusu anaweka chini ya kitanda. Siku tuliyochanganya zege tulikuwa wawili tu, yeye na mimi na koleo la kuazima. Ilitoka sakafu ya rangi saba, huku kijivu, huku nyeusi, huku ina vipande vya vigae vya chooni. Mtaa mzima umo ndani ya sakafu ile.

Kabla haijakauka, Shangazi akapiga magoti akakandamiza kiganja chake kwenye kona.

"Hata nikifa," akasema, "wajue ni yangu."

Nikatabasamu. Shimo la kigingi namba kumi na nne liko chini ya kiganja hicho. Najua, kwa sababu nililijaza kokoto mwenyewe kabla hatujamwaga zege.

Kosa la tatu ni la Jumamosi. Lilipita gari lenye spika, likatangaza kwamba wachimbaji wanakuja Jumanne na aliyegusa kigingi atajuta. Nikakimbilia kigingi changu. Nikafungua kamba. Nikakitazama. Kilikuwa kimechujuka kwa maji ya sabuni mpaka namba yenyewe unaisoma kwa kubahatisha. Nikaenda kwa Fundi Rangi nikamwomba rangi nyekundu kidogo, nikamwambia ya kupaka mguu wa kigoda. Akanijazia mfuniko wa chupa. Nikakipaka kigingi vizuri, tabaka mbili, na namba nikaiandika upya. Shule niliishia ya msingi, lakini kumi na nne naijua.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Sasa Jumanne.

Katapila liliingia mapema, likifuatwa na nusu ya mtaa. Akina mama walikuja na ndoo kabisa, kana kwamba maji yatatoka humo humo kwenye katapila. Mimi nilikuwa sakafuni na mashati ya mwalimu, nafua kwa mikono na kutazama kwa macho. Mtaani wananiita Kamera. Nafulia nje kutwa nzima, na hapiti mtu nisimjue anakotoka.

Dereva wa katapila, mwanamume mnene mwenye sauti nzuri, alikuwa anachimba na kuimba. Alipofika kigingi cha kumi na tatu akakatisha wimbo. Akazima mashine. Akashuka, akafumba jicho moja.

"Bosi," akamwita msimamizi, "hili bomba limekunywa?"

"Limekunywa nini?"

"Tazama mwenyewe. Hapa njia inapinda kushoto. Kumi na tatu kiko sawa. Kumi na tano, kile kule, kiko sawa. Kumi na nne kimekwenda kulia kumsalimia nani?"

Kilikuwa kimekwenda kumsalimia Bwana Geti.

Bwana Geti ni dereva mstaafu wa basi la shule. Alipopata kiwanja, kitu cha kwanza kukijenga kilikuwa geti. Nyumba na choo vilifuata baadaye. Geti la chuma, la buluu, milango miwili, simba wawili wa bati wanatazamana. Ukuta bado. Kulia kwa geti kuna hewa, kushoto kwa geti kuna hewa. Lakini ole wako upite kwenye hewa.

"Rudi!" hupiga kelele akiwa kibarazani. "Rudi upige hodi getini kama mtu!"

Ukirudi, anatoka, anazungusha funguo mbili na komeo moja, anakufungulia, anakusalimia kwa furaha kama vile hajakuona. Wenye ruhusa ya kupita kwenye hewa ni kuku peke yao.

Msimamizi alikuwa mtu mfupi, mtulivu, mwenye ramani iliyokunjwa mpaka imechanika mikunjo. Akaitazama ramani. Akatazama geti.

"Mimi nafuata vigingi," akasema. "Kigingi kikipita jikoni, nachimba jikoni. Mzee, geti litoke."

"Litoke liende wapi?"

"Pembeni."

"Geti haliendi pembeni! Pembeni ni pa kupita mbuzi!" Bwana Geti akaenda akalikumbatia geti lake, mkono mmoja kwa kila simba. "Miaka tisa nimelisubiri hili. Chimbeni, mnizike nalo!"

"Mzee, hatuziki, tunaleta maji," akasema dereva.

"Sina kiu!"

Watu wakacheka. Mimi nikajaribu kucheka. Nikakuta nimelisugua shati la mwalimu mpaka vifungo viwili vimetoka.

Dereva alikuwa ameinama kwenye kigingi.

"Bosi, njoo uone kitu. Vigingi vyote vimepauka. Jua la miezi minane. Hiki kimetoka saluni."

Msimamizi akakwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka mwekundu.

Unajua, nilipokuwa napaka nilijiona nina akili sana. Sikuwaza hata kidogo kwamba vingine vimechakaa. Kumbe nimekivisha kimoja nguo ya harusi nikakisimamisha katikati ya waliovaa matambara.

"Kimehamishwa," akasema msimamizi. "Nani ana rangi nyekundu mtaa huu?"

Hapo ndipo Mama Taarifa alipokumbuka kwamba aliona kila kitu.

Fundi Rangi akaitwa. Alitoka kwenye chumba chake cha uani, nyuma ya nyumba ya Bwana Geti, akiwa bado anatafuna mswaki, na kwenye goti la suruali yake kuna doa jekundu kubwa kama sahani. Akapita kwenye hewa, kama kawaida yake.

"Mmeona?" akasema Bwana Geti, hajaachia simba. "Mmeona anavyopita?"

"Rangi hii ni yako?" akauliza msimamizi.

Fundi Rangi akainama. Akaitazama. Akainusa. Mtu mwenye akili timamu angesema haijui.

"Ni yangu," akasema. "Tena nyekundu hii huipati dukani. Nimeichanganya mwenyewe, ina tone la kahawia ndani. Inapendeza, eh?"

"Aaah!" mtaa ukasema kwa pamoja.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekihamisha."

"Rangi yangu. Kigingi sikijui."

"Rangi ulimpa nani?"

Fundi Rangi akafungua mdomo. Halafu macho yake yakatoka kwenye kigingi, yakavuka njia, yakapita juu ya beseni, yakanifikia. Nikatazama povu.

"Mtaa mzima unapaka," akasema taratibu. "Nitamkumbuka nani?"

"Mimi nakumbuka!" Bwana Geti akaachia geti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nimekwambia upite getini mara ngapi? Mtu asiyepita getini ana shida na geti! Ulitaka livunjwe, ukaona katapila ndiyo dawa. Sasa sikiliza. Leo hii uhame. Utoe godoro lako, na ukilitoa, ulipitishe getini!"

"Mzee, nihamie wapi? Vyumba vyote vimejaa mpaka mwisho wa mtaa. Watu wanalala kwenye nyumba zisizo na paa."

"Nyumba isiyo na paa ina hewa nyingi. Utaipenda."

Hakuna aliyecheka sana hapo.

Fundi Rangi akatema mswaki. Akavuka njia akaja mpaka kwetu, akaonyesha ndoo yangu ya maji safi.

"Naomba ninawe, dada."

Nikammiminia. Alinawa polepole, ameinamisha kichwa, akanisemesha kwa sauti ya mimi na yeye.

"Kigoda chako kilikauka?"

"Kilikauka," nikasema. Sauti ilitoka kama ya panya.

"Kikilowa sana sabuni, rangi haishiki vizuri."

Akajifuta kwenye suruali. Akaenda kukunja godoro lake.

Nyie mnaoniandikia mkiuliza kama nampenda Fundi Rangi, barua zenu zimefika, mwandishi wa gazeti amenisomea zote na kucheka. Jibu langu ni kwamba siku hiyo ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Msimamizi akakunja ramani.

"Basi. Washa mashine, tunaondoka."

Akina mama wakainua ndoo kama ngao. "Kwenda wapi?"

"Mtaa wa mbele. Hapa hapachimbiki."

"Chomeka kigingi kingine hapo!" akasema Mama Taarifa. "Si kijiti tu?"

"Mama, hii ni kona. Kona haikisiwi, na ramani hii haina vipimo vyake. Wenzangu wanachimba kutoka upande wa juu, wameshalaza bomba mpaka kumi na sita. Nikikosea hatua moja hapa, hili halikutani na lile. Lazima mpima arudi."

"Arudi kesho."

"Mpima ni mmoja. Mitaa mipya ni kumi na saba, na wiki jana ilikuwa kumi na tano. Akirudi hapa mapema, ni mwakani."

Nikasikia pumzi ya mtaa mzima ikishuka. Mwaka mwingine wa kusubiri gari la maji linalokuja siku linapotaka. Mwaka mwingine wa kuoga kwa kikombe, na maji ya mwisho ya kufulia kupiga deki, na ya deki kumwagia choo.

Na hapo, mbele ya macho yangu, kwenye upenyo kati ya nyumba mbili, nikamwona Shangazi anarudi. Beseni tupu kichwani, mwendo wake ule wa haraka wa mtu aliyesikia kelele kutoka mbali na hataki kupitwa.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Wakamwambia. Wote kwa pamoja. Kigingi, rangi, geti, godoro, mwakani. Shangazi akasikiliza, akateremsha beseni, akavua kandambili zake akaziacha kwenye udongo, kwa sababu haruhusu viatu kwenye sakafu yake, hata vya kwake. Akapanda juu. Akashika kiuno.

"Mama Taarifa, wewe uliona?"

"Kwa macho yangu mawili!"

"Uliyafumbua lini? Tangu umehamia hapa hujawahi kuona jua likichomoza!" Watu wakaangua kicheko. "Na wewe msimamizi, mwanangu, unauliza watu waliolala. Uliza aliye macho. Huyu hapa." Akanielekezea kidevu. "Mtoto wa kaka yangu. Anakaa hapa nje kutoka asubuhi mpaka jioni, hazungumzi, anatazama. Akikwambia mbuzi wa fulani amepita saa nne, huyo mbuzi amepita saa nne. Kamera! Kigingi hiki kilikuwa wapi?"

"Shangazi..."

"Usiniite Shangazi, sema!"

"Kweli," akasema Bwana Geti. "Huyu binti anaona. Siku ile nilipoanguka kwenye mtaro wangu mwenyewe, yeye peke yake aliona."

"Na hakumwambia mtu," akaongeza Shangazi kwa majivuno. "Hana uongo, hana umbea. Nimemlea mimi."

Mngekuwepo mngeniokoa. Mlikuwa mnasoma habari za mpira.

Msimamizi alikuja mpaka kwenye beseni langu. Alikuwa ameking'oa kigingi, amekishika ncha. Akachuchumaa ili macho yetu yalingane.

"Dada, mimi si polisi," akasema kwa upole. "Nani amekihamisha, hainihusu. Sitakuuliza nani. Nakuuliza wapi tu. Ukinionyesha shimo lake la kwanza, nachimba leo. Geti la mzee linabaki. Yule kijana anabaki na chumba chake. Ijumaa mnakinga maji. Lakini iwe pale pale, usinikadirie."

Akakiweka kigingi mkononi mwangu. Mikono yangu ilikuwa na maji. Rangi ya upande wa chini, ile niliyoipaka nikiwa na haraka, ilikuwa bado mbichi, nikahisi inaninata kwenye kiganja.

Niliwaza kudanganya. Hatua moja kulia, kwenye udongo mtupu, sakafu ipone. Halafu nikaliona bomba la juu na bomba la chini yanapishana gizani chini ya ardhi, yanatafutana, na mtaa mzima umeshika ndoo mbele ya bomba kavu.

Niliwaza kukaa kimya. Wakati huo huo nikasikia funguo. Funguo mbili, komeo moja. Bwana Geti alikuwa anafungua geti lake, milango yote miwili, na Fundi Rangi akatoka na godoro begani na makopo yake ya rangi yamefungwa kamba. Katika miaka miwili ya kukaa pale, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupita kati ya wale simba.

Akasimama njiani. Hakuwa na upande wa kwenda. Akanitazama, akatazama kigingi.

"Onyesha, mwanangu," akasema Shangazi. "Usimwogope mtu yeyote hapa. Mimi nipo."

Alikuwepo kweli. Alikuwa amesimama peku kwenye kona ya sakafu yake ya rangi saba, na kisigino chake cha kulia, kile kilichopasuka zaidi, kilikuwa kimetulia sawasawa ndani ya kiganja alichokichapa mwenyewe.

Dereva akawasha katapila. Msimamizi akanyoosha mkono kumwambia asubiri.

"Wapi, dada?"